PUSHAPU AU CHUMA: KIFUA HUJENGWA NA NINI?

Waandishi wengi wa chama chetu hupenda kueleza mambo ya ngeli, methali na tamthilia, nami sina ubaya na hayo. Lakini Kiswahili ni lugha ya kuelezea kila kitu kilicho chini ya jua, hata jasho la mtu. Kwa hivyo leo nimeshika kalamu ili nieleze jambo linalobishaniwa kila uchao hapa shuleni, yaani namna ya kukuza kifua.

Ukipita nyuma ya madarasa ya kidato cha pili wakati wa mapumziko ya saa nne, utawasikia wenyewe. Kundi moja lasema, "Pushapu ni za watoto wa shule ya msingi. Mwanamume hubeba chuma!" Kundi la pili lajibu, "Wewe, chuma cha nini na mwili unao? Kwani wanajeshi hawapigi pushapu?" Kengele inalia, kila mtu anarudi darasani na msimamo wake, na kesho ubishi unaanza upya.

Mtu anaweza kudhani kuwa huu ni mchezo tu. La hasha! Nawajua wenzetu wanaojinyima chakula cha mchana ili wapate pesa ya kuingia jimu ya mtaa. Nawajua wengine ambao ni wembamba, wanaitwa "sindano" mpaka wanaona haya kuvua shati wakati wa michezo, na kwa sababu hiyo wako tayari kulala chini ya chuma chochote kile bila kuuliza swali. Tena namjua kijana mmoja aliyeumia vibaya, ambaye habari zake nitazieleza hapo mbele. Ndiposa nikaona heri tuutafute ukweli, kwa maana usilolijua ni kama usiku wa giza.

Kabla sijaendelea, tuelewane maneno. Pushapu, ambayo wengine huiita presapu, ni lile zoezi la kulala kifudifudi na kujisukuma kutoka ardhini kwa mikono. Chuma, katika makala haya, ni ule mti wa chuma wenye uzani pande zote mbili, ambao mtu huusukuma juu akiwa amelala chali kwenye benchi.

KIFUA NI NINI HASA?

Chini ya ngozi ya kifua kuna msuli mmoja mkubwa kila upande. Umekaa kama upepeo wa ukindu uliokunjuliwa. Upande wake mpana umeshikana na mtulinga, yaani ule mfupa unaotoka shingoni kwenda begani, kisha ukashikana na kidari katikati ya kifua na gegedu za mbavu. Upande wake mwembamba umeshikana na mfupa wa mkono wa juu, karibu na bega. Msuli huu unapojikunja, huuvuta mkono mbele na kuupeleka katikati. Kwa hivyo unapomkumbatia nyanya yako baada ya likizo, au unapoisukuma matatu iliyozima njiani, unautumia msuli huo.

Msuli huu haufanyi kazi peke yake. Unasaidiwa na misuli ya mbele ya bega na ile ya nyuma ya mkono, inayonyoosha kiwiko. Ndiyo maana ukipiga pushapu nyingi leo, kesho utaumwa na mikono na mabega, si kifua peke yake.

Sasa shika jambo hili moja, kwa maana ndilo kiini cha makala yangu. Msuli hauna macho. Hauwezi kuona kama unasukuma chuma kilichotoka ng'ambo ama mchanga wa uwanja wetu. Kile msuli unachokijua ni uzito wa mzigo na kiasi cha uchovu unaoupata. Mzigo ukiwa wa kutosha, na ukiusukuma mpaka unakaribia kushindwa, msuli hupata ujumbe kwamba hauna budi kukua. Kisha hukua ukiwa umepumzika, ukijengwa na chakula ulichokula. Kwa hivyo swali letu lisiwe "pushapu au chuma?" Swali liwe, "Je, mzigo wangu watosha?"

MZIGO WA PUSHAPU

Wengi hudhani pushapu haina uzani. Mimi na wenzangu wawili tuliamua kupima. Kwa ruhusa ya mwalimu wa michezo tulitumia mizani ya kusimamia, tukaweka mikono juu yake na miguu juu ya ubao wenye kimo sawa na mizani. Mimi nina kilo 55. Mikono yangu ilipokuwa imenyooka, mizani ilionyesha kilo 37. Niliposhuka mpaka kifua kikakaribia mizani, ilionyesha kilo 40. Jameni, kilo 40! Huo si mzigo wa mtoto wa shule ya msingi.

Sababu yake mtaiona katika somo la Fizikia. Mwili ulionyooka ni kama wenzo, na egemeo lake ni vidole vya miguu. Uzito wa mwili unagawanywa kati ya miguu na mikono, na kwa kuwa kiwiliwili kizito kiko karibu na mikono, mikono ndiyo inayobeba sehemu kubwa. Ukibadilisha pembe ya wenzo huo, unabadilisha mzigo. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walichapisha vipimo vya jambo hili. Nimevipiga hesabu kwa mtu wa kilo 55 kama mimi:

(a) Mikono juu ya kitu chenye kimo cha sentimita 60 hivi, kama vile dawati fupi: asilimia 41 ya uzani wa mwili, yaani karibu kilo 23.

(b) Magoti yakiwa chini: asilimia 49, yaani kilo 27.

(c) Mikono juu ya kitu cha sentimita 30: asilimia 55, yaani kilo 30.

(d) Pushapu ya kawaida: asilimia 64, yaani kilo 35.

(e) Miguu juu ya kitu cha sentimita 30: asilimia 70, yaani kilo 38 na nusu.

(f) Miguu juu ya kitu cha sentimita 60: asilimia 74, yaani karibu kilo 41.

Tazama vizuri orodha hiyo. Ni ngazi! Asiyeweza hata pushapu moja aanzie kwenye (a), na aliyechoka na (d) apande mpaka (f). Akishamaliza ngazi, avae mkoba wa vitabu mgongoni. Lita moja ya maji ina kilo moja, kwa hivyo chupa tatu za lita mbili ndani ya mkoba ni kilo 6 za bure.

Sasa mlinganishe na yule rafiki yetu wa jimu. Mti wa chuma wa kawaida unaotumiwa na wanaume mashindanoni una kilo 20, na ule wa wanawake una kilo 15. Anayeanza mara nyingi huwekewa kilo 5 kila upande wa ule wa kilo 20, jumla kilo 30. Kisha anakuja shuleni kuwacheka wanaopiga pushapu za kilo 35! Mcheka kilema hafi bila kumfika.

Lakini pushapu iwe pushapu kweli. Nimeona wenzetu wakihesabu hamsini huku kichwa pekee ndicho kinachoinama kama mjusi. Hiyo ni salamu, si zoezi. Weka mikono chini, upana wake uzidi kidogo ule wa mabega. Kaza tumbo na makalio ili mwili unyooke kama rula kutoka kisigino hadi kichwa. Shuka polepole mpaka kifua kikaribie ardhi kwa kiasi cha ngumi moja. Viwiko visitanuke pembeni kama mbawa za ndege, bali virudi nyuma kidogo. Kisha sukuma mpaka mikono inyooke. Kumi za namna hii zashinda hamsini za mjusi.

Pushapu ina faida nyingine mbili ambazo chuma hakina. Kwanza, tumbo, kiuno na mapaja yote hufanya kazi, kwa sababu hakuna benchi la kukubeba. Pili, makombe ya mabega yako huru kusonga, na misuli iliyo ubavuni inayoyashikilia hupata kazi pia. Ukilala kwenye benchi, makombe hayo yamebanwa chini ya mgongo wako.

CHUMA NACHO KINA SIFA ZAKE

Msidhani nimekuja kukipiga chuma vita. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Sifa ya kwanza ya chuma ni kwamba kina hesabu. Leo umesukuma kilo 30 mara nane, wiki ijayo unaongeza kilo 2 na nusu, na kila kitu unakiandika daftarini. Unajua ulikotoka na unakokwenda. Pushapu haina hesabu safi namna hiyo.

Sifa ya pili ni kwamba chuma hakina mwisho. Mwili wako una mwisho. Mtu mwenye nguvu atafika mahali apige pushapu 40 au 50 bila kusimama, na hapo anajenga zaidi ustahimilivu kuliko nguvu. Mwenye chuma ataongeza uzani tu. Katika Michezo ya Olimpiki ya watu wenye ulemavu, shindano la kuinua uzani ni zoezi hili hili la kulala na kusukuma chuma. Huko Rio de Janeiro mwaka 2016, Siamand Rahman wa Iran alisukuma kilo 310. Hiyo ni zaidi ya magunia matatu ya mahindi ya kilo 90! Hata nyumbani tuna wetu. Mkenya mwenzetu Hellen Wawira alijishindia nishani ya shaba katika mchezo huu kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Birmingham mwaka 2022. Huwezi kufika huko kwa pushapu peke yake. Atakaye kusukuma kilo mia hana budi kuzoea kusukuma vitu vizito.

Sifa ya tatu ni kwamba chuma humsaidia hata yule ambaye mwili wake mwenyewe ni mzito mno kwake. Mtu wa kilo 100 akipiga pushapu ya kawaida anabeba kilo 64. Kwenye chuma anaweza kuanza na 20.

HATARI YA CHUMA CHA MTAANI

Hapa ndipo ningependa ndugu zangu mtege masikio.

Chuma cha mtaani kwetu si kile cha dukani. Ni paipu iliyotiwa mikebe ya rangi au ya mafuta ya kupikia pande zote mbili, kisha mikebe ikajazwa saruji, mchanga na kokoto. Ni ubunifu mzuri, sikatai. Mkebe wa lita 4 ukijazwa zege nzito unaweza kufika kilo 9 na nusu. Lakini ukitiwa saruji na mchanga bila kokoto, huwa mwepesi zaidi, labda kilo 8. Mara nyingi aliyeujaza mkebe wa kulia siye aliyeujaza wa kushoto. Kwa hivyo unalala chini ya chuma ambacho upande mmoja umezidi mwingine kwa kilo moja na zaidi, nawe hujui. Bega moja linabeba kuliko jingine kila siku.

Tena mikebe hiyo imegandishwa na paipu. Kwenye chuma cha dukani, sahani zikikosa vibano huweza kuteleza na kuanguka mtu akiinamisha upande mmoja. Mkebe wa saruji hauendi popote. Ukishindwa, umeshindwa nao.

Mwaka jana kijana mmoja wa mtaa wetu, aliyenizidi darasa moja, alikwenda kufanya mazoezi saa moja ya jioni katika ua mmoja ambao vijana huutumia kama jimu. Wenziwe walikuwa wameshaondoka. Alisukuma mara tano. Ya sita mikono ikakataa katikati ya njia. Chuma kilimshukia kifuani na kikakaa hapo hapo. Alisema baadaye kwamba hakuweza kupiga kelele, kwa sababu kupiga kelele kwahitaji pumzi, na pumzi ndiyo iliyokuwa imebanwa. Alijaribu kukiinamisha upande mmoja. Mkebe mmoja ulifika sakafuni, na ule wa pili ukapaa na kumzungusha pamoja na benchi. Mama mmoja muuza mboga alisikia kishindo akaja mbio. Kijana alipatikana na ufa katika ubavu mmoja. Kwa wiki sita hakuweza kucheka wala kukohoa bila kushika ubavu. Mtihani wa mwisho wa muhula uliupita ubavu huo huo, akiwa nyumbani.

Simsimulii ili tumcheke. Namsimulia kwa sababu hakufanya jambo ambalo sisi hatulifanyi. Wangapi kati yetu huingia ua kama ule peke yao? Yule aliyeshindwa na pushapu ya kumi na moja huanguka kutoka kimo cha ngumi moja, akala vumbi kidogo, akaamka akicheka. Aliyeshindwa na chuma ya sita huwa na kilo 40 juu ya mapafu. Tofauti hiyo ndiyo kubwa kuliko zote nilizozitaja.

Basi kama ni lazima ubebe chuma, shika masharti haya. Usilale chini yake bila mtu wa kukushika aliyesimama kichwani pako na anayekutazama, si anayepiga gumzo. Pima kila mkebe kwenye mizani ya duka kabla haujawekwa. Kidole gumba kizunguke paipu, kisiwe upande mmoja na vidole vingine, kwa maana paipu yenye jasho huteleza. Nyayo zikanyage chini. Kiteremshe polepole hadi katikati ya kifua, wala usikidundishe mbavuni ili upate kasi ya kukirudisha. Na ukiona ya mwisho ina shaka, iache.

WALIOPIMA WALIONA NINI?

Wenye sayansi wamewahi kuyashindanisha mazoezi haya mawili. Mwaka 2015 kulichapishwa utafiti wa watafiti wa Hispania na wenzao. Waliwachukua wanafunzi wa chuo kikuu waliokuwa wamezoea mazoezi. Wengine walisukuma chuma, wengine wakapiga pushapu wakiwa wamefungwa mipira ya kunyumbuka mgongoni ili mzigo wao uwe mgumu sawa na wa chuma. Baada ya wiki tano, makundi yote mawili yalikuwa yameongeza nguvu kwa kiasi kinachokaribiana.

Mwaka 2017 Wajapani nao walichapisha wao. Wanaume 18 waligawanywa. Kundi moja lilisukuma chuma chepesi na lingine likapiga pushapu zilizorekebishwa ziwe na mzigo kama huo, mara mbili kwa wiki kwa wiki nane. Unene wa misuli ya kifua na ya nyuma ya mkono uliongezeka kwa makundi yote mawili, bila tofauti kubwa.

Mmeona? Mzigo ukilingana na bidii ikilingana, matokeo hulingana. Anayeshinda si chuma wala ardhi. Anayeshinda ni yule anayeongeza mzigo kidogo kidogo na asiyekosa siku yake.

UMRI WETU, NA DADA ZETU

Wazee wengine husema kuwa chuma humfupisha mtoto. Madaktari wa watoto wa Marekani, katika mwongozo wao wa mwaka 2020, walieleza kwamba mazoezi ya uzani yanayosimamiwa vizuri hayajaonekana kudhuru kimo wala mifupa inayokua. Kinacholeta madhara ni uzani uliopita kiasi, mtindo mbaya na kukosa msimamizi. Mambo hayo matatu ndiyo hasa yaliyojaa katika nyua zetu. Mwaka huo huo wa 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba watu wa umri wa miaka 5 hadi 17 wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli na mifupa angalau siku tatu kwa wiki, zaidi ya kukimbia na kucheza.

Mwongozo huo haukusema wavulana pekee. Nawasikia dada zetu wakisema, "Mimi nisije nikawa na kifua cha mwanamume." Ondoeni hofu. Miili ya wasichana haina wingi wa ile homoni inayowapa wavulana misuli mikubwa upesi. Mtakachopata ni nguvu. Mchezaji wa netiboli anayerusha pasi ndefu, au yule wa voliboli anayepiga mpira hadi ukalia sakafuni, hutumia kifua na mabega yale yale. Ngazi niliyoitaja hapo juu haiulizi jinsia ya mtu. Yaanza na dawati.

HESABU YA MFUKO NA TUMBO

Jimu ya mtaani hutoza shilingi 50 kwa siku. Ukienda mara tatu kwa wiki ni shilingi 150. Kwa muhula wa wiki 13 ni shilingi 1,950. Sisi ni wanafunzi wa kutwa, na pesa hizo mtu huzitoa kwenye nauli au chakula cha mchana. Akizitoa kwenye chakula amejiibia mwenyewe. Msuli hujengwa kwa chakula, hasa chenye protini, kama maharagwe, mayai, maziwa, omena, na hata githeri yetu hii tunayoidharau. Anayesukuma chuma na njaa ni kama fundi anayekuja kwenye mjengo kila siku bila mawe wala saruji. Atatoka jasho, lakini ukuta hautaonekana.

RATIBA NINAYOIPENDEKEZA

Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, baada ya masomo, kabla ya kwenda nyumbani:

1. Chagua kidato chako kwenye ngazi, kile unachoweza kupiga mara 8 hadi 12 kwa mtindo safi.

2. Piga raundi tatu. Kila raundi acha ikiwa imebaki moja au mbili kabla ya kushindwa kabisa. Pumzika dakika mbili kati ya raundi.

3. Ukiweza kupiga 20 katika raundi zote tatu, panda kidato kimoja. Usipande kwa sababu rafiki yako amepanda.

4. Kila raundi ya kusukuma iwe na raundi ya kuvuta. Tafuta tawi imara la mti, ning'inia na ujivute juu, au ujishikilie tu kwa sekunde 20 kama huwezi. Anayesukuma bila kuvuta mabega yake huinama mbele kama mtu anayetafuta sarafu. Lakini msining'inie kwenye goli la uwanja, goli huweza kuanguka.

5. Andika kila siku katika daftari: tarehe, kidato cha ngazi na idadi. Hapo nayo pushapu imepata hesabu yake.

6. Maumivu ya uchovu wa msuli ni ya kawaida kwa siku moja au mbili. Maumivu makali ndani ya bega au kifundo cha mkono si ya kawaida. Pumzika na umwone mwalimu wa michezo.

Yeyote atakayefika kwenye miguu juu ya dawati na mkoba mgongoni, akapiga 20 mara tatu, ndipo nitasema ardhi imemfunza vya kutosha, na sasa akitaka chuma akakitafute mahali penye msimamizi. Kabla ya hapo, bado ana mzigo mwingi wa kutosha mwilini mwake.

Kwa kuhitimisha, wapenzi wasomaji, jibu langu ni hili. Chuma ni bora kwa yule anayetaka nguvu nyingi kupita uzito wa mwili wake, na mwenye vifaa safi pamoja na mtu wa kumlinda. Pushapu ni bora kwa wengi wetu, kwa sababu inatutosha, haitulipishi hata senti, na siku tunaposhindwa haitulalii kifuani. Kwa wale wanaoitwa "sindano," nawaambia msikimbilie chuma kwa sababu ya aibu. Haba na haba hujaza kibaba, na kifua nacho hujaa vivyo hivyo.

Karatasi imeniishia, ingawa maneno bado yapo. Mwenye swali au hoja ya kunipinga anitafute katika kikao cha chama chetu. Nawatakia afya njema, mazoezi mema na mitihani ya heri. Kiswahili kitukuzwe!